Vidonge vya majira havigandi tumboni: safari ya estrojeni ya kutengenezwa ndani ya ini

Kuna hoja ambayo haikosi kuibuka kila uzazi wa mpango unapotajwa, iwe saluni, kwenye kundi la WhatsApp au chini ya tangazo la dawa za asili. Inasema kwamba vidonge vya majira haviyeyuki vyote, kwamba vinajikusanya tumboni mwaka hadi mwaka, na mwisho wake vinageuka uvimbe au vinaziba kizazi. Juu ya hoja hiyo limejengwa soko zima la poda na chai za "kusafisha ini" na "kusafisha kizazi", na bei zake si za kitoto.

Hoja yenyewe si sahihi, lakini swali lililo nyuma yake ni la haki kabisa: kitu nikikimeza kila siku kwa miaka mitano, kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye ini. Na ukishafuatilia kinachotokea huko, mambo mengine mengi yanafunguka: kwa nini muuguzi anakuuliza kama unatumia dawa za kifua kikuu, kwa nini mtu mwenye homa ya ini B leo anaruhusiwa vidonge na kesho anakatazwa, na kwa nini kile kidonge cha mara moja kwa mwezi kinachouzwa kwa siri nchini Kenya kwa jina la Sophia ni kitu kingine kabisa.

Kwanza majina. Estrojeni ni homoni inayotengenezwa hasa na ovari za mwanamke. Aina yake yenye nguvu zaidi huitwa estradioli. Vidonge vingi vya majira havina estradioli hiyo ya asili, bali vina ndugu yake wa maabara aitwaye ethinilestradioli, ambaye hapa nitamwita EE ili tusichoshane. Pamoja na EE huwekwa homoni ya pili ya jamii ya projestini, mara nyingi levonojestreli. Sindano ya miezi mitatu, vijiti na P2 (vidonge vya dharura baada ya tendo) havina estrojeni hata chembe, vina projestini peke yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "homoni za uzazi wa mpango" zinafanya hivi au vile, muulize kwanza ni ipi.

Sasa kiasi, maana hapa ndipo ile hadithi ya kujikusanya inapoanza kupwaya. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 30 za EE. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Panadol moja ina miligramu 500 za dawa, yaani zaidi ya mara 16,000 ya hiyo EE. Kile unachokiona kikiwa na umbo la kidonge ni sukari, wanga na viungo vya kushikilia dawa, ambavyo tumbo huviyeyusha kama chakula kingine. Katika pakiti ya kawaida ya vidonge 28, vile saba vya mwisho havina homoni yoyote. Vya rangi ya kahawia vina madini ya chuma tu. Tupige hesabu: vidonge 21 vyenye homoni kwa kila pakiti, pakiti 13 kwa mwaka, miaka mitano. Jumla ya EE yote ni kama miligramu 41. Hata kama mwili usingetoa hata chembe moja, mzigo wa miaka mitano haufiki sehemu ya kumi ya panadol moja. Uvimbe wa kushikika kwa mkono hauwezi kutoka humo.

Tena mwili hutoa. Tatizo la wanasayansi zamani lilikuwa kwamba mwili unatoa kupita kiasi. Estradioli ya asili ukiimeza, ni kama asilimia 5 tu inayofika kwenye mzunguko wa damu ikiwa bado ni estradioli. Sababu ni kwamba damu inayotoka utumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa na kupitishwa kwanza kwenye ini, na humo kuna vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kitu kimoja kuwa kingine. Kimojawapo huishika estradioli mahali fulani kwenye umbo lake, ambapo wanakemia hupaita kaboni namba 17, na kuigeuza kuwa estrojeni dhaifu zaidi. Kwa dawa ya kumeza, hiyo ni hasara tupu.

Mwaka 1938, mjini Berlin, Hans Herloff Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering walipata ujanja. Walibandika atomi mbili za kaboni palepale kwenye namba 17. Kimeng'enya kile kikaja, kikakuta njia imezibwa. Hiyo ndiyo EE, na leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, bado ndiyo estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya majira duniani. Ningependa msomaji ashike jambo hili kuliko mengine yote: EE ni dawa iliyoundwa makusudi kulipita ini. Faida zake, ugomvi wake na dawa nyingine, na hatari zake kubwa, karibu zote zinatoka hapo.

Kulipita hakumaanishi kulishinda. Ukimeza kidonge jioni, kazi huanza hata kabla ya ini: ukuta wa utumbo mwembamba wenyewe huibandikia sehemu ya EE kipande cha kemikali kiitwacho salfeti na kuizima. Inayobaki huingia kwenye ini. Huko kuna kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4, mchapakazi anayeshughulikia sehemu kubwa ya dawa tunazomeza, ambacho huibadilisha EE umbo. Kisha vimeng'enya vingine huifunga kwa asidi ya jamii ya sukari ili iweze kuyeyuka kwenye maji, kwa sababu EE kwa asili yake inapenda mafuta, na kitu kinachopenda mafuta hakitoki kirahisi kwa mkojo. Ikishafungwa, sehemu kubwa zaidi hutoka na nyongo na kuishia kwenye choo kikubwa. Iliyobaki hupita kwenye figo na kutoka na mkojo.

Kwa wastani, asilimia 40 hadi 45 ya EE hufika kwenye damu ikiwa salama. Ila wastani huo unaficha mengi: kwa mwanamke mmoja inaweza kuwa 20, kwa mwingine zaidi ya 60. Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akashinda na kichefuchefu na mwingine asisikie kitu. Hakuna anayedeka. Maini yao hayalingani.

Hebu fikiria simtanki la nyumbani ambalo lina tundu chini. Maji yanavuja usiku na mchana, na wewe kila jioni unamimina ndoo moja. Baada ya siku kadhaa kina cha maji kinatulia: kinachoingia kinalingana na kinachovuja. Kidonge cha kila siku ndiyo ndoo, ini ndilo tundu. Kwa EE, nusu ya kilichomo kwenye damu huondoka ndani ya muda wa kati ya nusu siku na siku moja. Ukiacha kumimina leo, wiki moja baadaye kilichobaki hakifiki asilimia moja. Kwa hiyo agizo la kumeza kila siku bila kuruka lenyewe linatosha kuwa ushahidi dhidi ya hadithi ya kujikusanya. Kama vidonge vingekuwa vinaganda mwilini, mwanamke angemeza pakiti moja akatulia mwaka mzima, na aliyesahau siku tatu asingekuwa na cha kuhofia.

Mambo yanaharibika tundu linapopanuliwa. Seli za ini zina kihisio kinachotambua vitu vigeni. Kikiamshwa, kinaagiza vimeng'enya vya ziada vitengenezwe. Dawa inayokiamsha kuliko karibu zote ni rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu ambayo wagonjwa huitambua kwa jinsi inavyougeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Ndani ya wiki moja hadi mbili za kuitumia, CYP3A4 na wenzake wanakuwa wengi mno, na EE inateketezwa kabla haijafanya kazi yake. Mapema miaka ya 1970, madaktari nchini Ujerumani waligundua kwamba wanawake waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu walikuwa wanatokwa damu katikati ya mzunguko, na baadhi yao wakashika mimba ilhali wanameza vidonge vyao vizuri.

Kwetu hili si jambo la pembeni. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na rifampisini imo mwanzo hadi mwisho. Hata watu wasioumwa, wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, siku hizi wanaweza kupewa kinga ya miezi mitatu yenye rifapentini, ambayo ni ya ukoo uleule na inafanya vilevile. Ini halitoi kengele yoyote: hutasikia maumivu wala uchovu wa kukuonyesha kwamba kidonge kimezidiwa. Pengine matone ya damu yasiyo ya kawaida, na hayo nayo si lazima yaje. Na baada ya kumaliza dozi, vimeng'enya havipungui siku hiyohiyo. Huchukua karibu wiki nne kurudi kawaida, na muda wote huo tundu bado ni pana.

Kwa mwanamke aliye kwenye rifampisini, Shirika la Afya Duniani halishauri vidonge vya majira. Kitanzi hakiguswi na ini kwa namna hiyo, na sindano ya miezi mitatu pia inaruhusiwa bila kizuizi. Kinachobadilishwa hapa ni njia ya uzazi wa mpango. Dawa ya kifua kikuu haiachwi, wala dozi ya vidonge haiongezwi kwa kujikadiria nyumbani.

Orodha ya wapanuzi wa tundu ina wengine. Dawa za kifafa za karbamazepini, fenitoini na fenobabitali zimo, na hizi watu huzimeza kwa miaka. Efavirenzi, iliyokuwa katika dawa za kufubaza makali ya VVU, ilionyesha makali yake zaidi kwa vijiti: watafiti waliopitia kumbukumbu za wanawake wa magharibi mwa Kenya walichapisha mwaka 2015 kwamba waliotumia vijiti pamoja na efavirenzi walipata mimba mara tatu hivi kuliko waliotumia vijiti pamoja na nevirapini, dawa nyingine ya VVU. Homoni ya kijiti ni projestini, lakini ini na vimeng'enya ni vilevile. Dolutegraviri, iliyomo katika TLD, kidonge cha VVU wanachopewa wengi sasa, haina tabia hiyo. Hata P2 inahusika: mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri mwaka 2016 kwamba mwanamke aliyetumia dawa za aina hii ndani ya wiki nne zilizopita apewe dozi mara mbili, au bora zaidi awekewe kitanzi cha shaba.

Na wakati mwingine kidonge ndicho kinachofanya fujo. Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, huondolewa mwilini haraka zaidi mwanamke anapotumia EE. Kiwango chake kinaweza kushuka kwa karibu nusu, na degedege zilizokuwa zimetulia zikarudi. Daktari wa kifafa anapaswa kujua umeanza vidonge, hata kama hakukuuliza.

Kutoka kwenye ukweli huu wa rifampisini, watu wameruka hadi kwenye imani kwamba antibayotiki zote zinaua nguvu ya vidonge. Imani hiyo ina asili yake ya kitaalamu. Sehemu ya EE iliyofungwa na kutolewa na nyongo hukutana na bakteria wa utumboni, ambao huweza kuifungua, nayo ikanyonywa tena kurudi kwenye damu. Wazo likawa kwamba antibayotiki ikiua bakteria hao, EE itapungua. Lilikuwa wazo zuri kwenye karatasi. Ilipopimwa kwenye damu za wanawake, amoksilini, doksisaiklini na wenzao hawakuonekana kuathiri ufanisi wa kidonge, na Shirika la Afya Duniani haliweki kizuizi chochote. Kinachoweza kukuangusha wakati wa ugonjwa ni kutapika. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, kidonge hakijaingia, meza kingine. Kutapika au kuharisha sana kwa zaidi ya siku mbili kunahesabiwa kama kusahau vidonge. Pombe nayo haizimi EE. Inachofanya ni kukutapisha au kukusahaulisha.

Upande mwingine wa shilingi ni vile EE inavyolitendea ini. Kwa kuwa haivunjwi kirahisi, inakaa humo ikiziamrisha seli za ini kutengeneza protini nyingi kuliko kawaida, zikiwemo zile zinazogandisha damu na zile zinazopandisha shinikizo la damu. Bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, ambalo linaweza kusafiri hadi mapafuni, ndiyo hatari nzito zaidi ya vidonge hivi. Takwimu zilizotolewa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2013 ni hizi: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, wawili hupata bonge kwa mwaka, kwa wanaotumia vyenye levonojestreli ni 5 hadi 7, kwa baadhi ya aina mpya ni 9 hadi 12. Ujauzito na wiki za uzazi zina hatari kubwa kuliko hizo zote. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1960, Enovid, kilikuwa na mikrogramu 150 za mestranoli, ambayo ini lenyewe huigeuza kuwa EE. Hofu nyingi tunazozisikia kwa mama zetu zilizaliwa enzi za dozi zile.

Kumbuka kwamba jambo hili si la kumezwa tu. Hata EE ikiwekwa kwenye bandiko la ngozi au pete ya ukeni, bado huzungukia kwenye ini na kuliamrisha, kwa kuwa haivunjiki. Estradioli ya asili kupitia ngozi, ambayo hutumiwa zaidi na wanawake waliokoma hedhi, haionyeshi hatari hiyo ya kugandisha damu kwa dozi za kawaida.

Je, ini "linachoka" na lihitaji kupumzishwa kila baada ya miezi? Hapana. Tena hapa ushauri wa mtaani unaweza kudhuru: hatari ya bonge la damu huwa kubwa zaidi miezi ya mwanzo ya kutumia, na hujirudia mtu anapoanza upya baada ya kuacha kwa wiki kadhaa. Anayepumzika na kuanza, akapumzika na kuanza, anajirudisha kila mara kwenye kipindi kibaya, achilia mbali mimba za katikati.

Ini lililoumia kweli ni habari nyingine. Mwenye virusi vya homa ya ini B ambaye ini lake linafanya kazi vizuri hana kizuizi cha kutumia vidonge, na inasikitisha kuona wengi wakifukuzwa dirishani kwa sababu ya kipimo hicho tu. Katika homa kali ya ini, macho yakiwa ya njano, vidonge haviruhusiwi kuanzwa. Aliyesinyaa ini kwa kiwango kikubwa au mwenye uvimbe wa ini hapaswi kuvitumia. Na aliyewahi kupata njano au muwasho mkali akiwa kwenye vidonge aseme mapema, kwa sababu estrojeni hupunguza mwendo wa nyongo na kwa baadhi ya wanawake nyongo hiyo hukwama.

Nimeiacha Sophia mwisho kwa sababu inapindua sehemu ya niliyoyasema. Pakiti yake ina maandishi ya Kichina, kidonge ni kimoja kwa mwezi, na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya haijakisajili na imewaonya watu wasikitumie. Vilivyopimwa vilikutwa na levonojestreli pamoja na quinestroli. Quinestroli ni EE iliyoongezewa kipande kingine kinachoifanya ipende mafuta kupita kiasi. Ukiimeza, inakimbilia kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo, ikitoka kidogo kidogo, na ini huivua kile kipande na kupata EE ileile. Nusu yake huchukua siku tano au zaidi kuondoka. Fomula ya aina hii iliyotumika China ina miligramu 3 za quinestroli, yaani mikrogramu 3,000 kwa mkupuo, wakati pakiti nzima ya vidonge vya majira ina mikrogramu 630 za EE. Katika lile simtanki, hapa mtu amemwaga pipa zima kwa mara moja, na maji mengi yamejificha mahali ambapo tundu halifiki haraka.

Kwa hiyo dawa inayojikusanya mwilini ipo, ila ni hiyo inayosifiwa kwamba "haina usumbufu wa kila siku". Mchanganyiko huohuo wa quinestroli na levonojestreli umewahi kujaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwa panya shamba, kutafuta njia ya kupunguza kuzaliana kwao. Si vigumu kuona faida yake huko: panya hawezi kukumbushwa kumeza kila jioni.

Ninaowahofia zaidi ni wanaonyonyesha. Maziwa ya mama yana mafuta, na dawa inayopenda mafuta huyafuata. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa katika ile kazi ya kufunga vitu kwa asidi ya sukari. Watoto wengi huwa na njano siku za mwanzo kwa sababu hiyohiyo, na kimeng'enya kinachohusika na njano hiyo ni kimojawapo cha vile vinavyoifunga EE. Hata vidonge vya kawaida vyenye EE havishauriwi kabla mtoto hajafikisha miezi sita kama ananyonya. Aliyekwisha kumeza cha mwezi hana poda wala chai itakayokiharakisha kutoka. Aende kliniki na ile pakiti mkononi, hata kama hakuna anayeweza kusoma kilichoandikwa, amwambie muuguzi tarehe aliyokimeza na umri wa mtoto, kabla hajapewa njia nyingine juu yake.